Nepi za kuogelea kwa watoto wadogo: ipi nafuu na inakubalika bwawa la umma?

MamaTumaini (mleta uzi)

Wadau wa malezi, habari za muda huu. Nina mtoto wa mwaka na nusu ambaye akiona maji basi hasikii la mtu. Nataka nianze kumpeleka bwawani kila wiki, lakini mlangoni wameandika kwa herufi kubwa: mtoto ambaye hajaacha nepi haingii majini bila nepi ya kuogelea. Pampasi za kawaida hawataki hata kuziona.

Nimezipitia za kutupa. Pakiti ina vipande kama kumi hivi, na kwa ninavyomjua huyu mtoto, atamaliza viwili kwa safari moja. Za kufua nazo, kipande kimoja kinakaribia bei ya pakiti nzima, na mwenyewe anakua kila kukicha. Hapo ndipo nilipokwama.

Naomba mnisaidie. Kwa nini wanakataa pampasi wakati ndiyo inayonyonya? Kati ya za kutupa na za kufua, ipi itaniumiza kidogo mfukoni? Na nepi za kitambaa ninazo ndani, zile za mfuko zinazoingizwa kipande cha kunyonya, haziwezi kunisitiri? Sitafuti nepi ya kupigia picha, natafuta inayofanya kazi.

BabaPacha

Karibu dada. Pampasi inakataliwa kwa hicho hicho ulichoisifia. Ndani yake kuna chembechembe za sodiamu poliakrilati ambazo zikikutana na maji zinageuka jeli na kuvimba mara nyingi kupita uzito wake. Hazichagui mkojo wala maji ya bwawa. Mtoto akikaa majini dakika chache, nepi imeshajaa, imekuwa zigo linaloning'inia karibu na magoti, mapajani haibani tena, na choo kikija kinakuta njia nyeupe. Ikichanika ndiyo balaa lenyewe, jeli inamwagika majini na kwenda kuziba vichujio. Ukiona mlinzi wa bwawa mkali kwa pampasi, ujue kuna siku alishinda na wavu mkononi.

Nepi ya kuogelea karibu hainyonyi kitu. Mkojo unapita. Nalirudia hili maana ndipo wengi wanapoanza kugombana na wauzaji kwamba wameuziwa mbovu: mkojo unapita, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kazi yake ni kuzuia haja kubwa isitoke. Kwa hiyo usimvalishe ukiwa nyumbani, utafika umelowa wewe na kiti cha gari. Njiani avae pampasi yake, mbadilishe mkifika, na mkitoka majini mrudishie mapema.

Tuje kwenye mfuko. Mimi nina wawili wa rika moja, kwa hiyo kila gharama kwangu inakuja na mwenzake. Kwa anayekwenda kila wiki, chukua za kufua, mbili tu zinatosha, moja mwilini na nyingine kwenye begi. Pakiti ya vipande kumi kwa matumizi ya viwili kila safari inakwisha ndani ya wiki tano, halafu unaanza upya. Anayekwenda likizo kwa likizo asijisumbue, achukue za kutupa. Huggies Little Swimmers na Pampers Splashers ndizo zinazotajwa zaidi, ila za chapa ya duka lenyewe nazo nunua bila wasiwasi mradi mpira wake wa mapajani ni mzuri. Kwenye pampasi unalipia unyonyaji. Hapa unyonyaji hautakiwi, sasa unalipia nini zaidi ya picha za samaki?

Shangazi_Mdogo

BabaPacha kamaliza, ila kuna jambo watu hawaliangalii dukani: hiyo nepi itatokaje ikichafuka?

Za kufua zipo za aina mbili. Kuna zinazovaliwa kama chupi, na kuna zinazofunguka ubavuni kwa vishikizo vya kubonyeza au velkro. Za chupi mara nyingi ndizo za bei ya chini, na ndizo zinazovutia. Haya, mtoto kaachia choo laini. Ile chupi imelowa, imeganda kwenye ngozi, na huna njia nyingine zaidi ya kuiteremsha. Inapita mapajani, inapita magotini, inang'ang'ania kwenye visigino, na kila inapopita inapaka. Mtoto naye anarusha miguu, ana baridi, anataka kurudi majini. Ukija kumaliza umeshaosha mtoto mzima, mikono yako mpaka viwikoni na sakafu ya watu. Ile ya vishikizo unamlaza, unafungua kulia na kushoto, unaikunja kutoka mbele kwenda nyuma, mzigo wote unabaki ndani. Ndiyo tofauti ya bei hiyo, na mimi ningeilipa nikiwa nimefumba macho.

Za kutupa nyingi zina mishono ya ubavuni inayochanika. Ichane, usiivute chini.

Velkro siipendi sana. Inashika nyuzi kwenye mashine, inachoka, na siku mtoto akijua kuifungua imekula kwako.

Kuhusu kukua: nunua kwa kilo, achana na umri. Zenye safu za vishikizo za kupanua na kupunguza zinamchukua mtoto muda mrefu. Lakini usinunue kubwa ili akulie humo humo. Kwenye nguo nyingine sawa, huku hapana. Mpira unatakiwa ukae kwenye mkunjo wa kinena, siyo katikati ya paja. Mchuchumalishe uone, kama kuna upenyo mapajani au mgongoni, hiyo irudishe dukani. Ukimvua ukikuta mstari mwepesi unaopotea baada ya muda, ndiyo saizi yake. Ukikuta alama nyekundu iliyozama, inambana mno.

mlinzi_wa_kina

Kazi yangu ni mabwawa, ngoja nichangie upande ambao wazazi hawauoni.

Nepi yoyote ile, iwe ya bei gani, haizuii vijidudu. Inashika donge, basi. Maji yanaingia na kutoka humo muda wote, na choo cha kuharisha kinatoka nayo. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kimelisema hilo wazi, na mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye bwawa la watoto analijua.

"Si kuna klorini?" Ipo, ila haifanyi kazi kwa kasi moja kwa kila kitu. Kwa mujibu wa hao hao CDC, kwenye maji yenye klorini ya sehemu 1 kwa milioni, bakteria wa E. coli hufa ndani ya dakika 1. Virusi vya homa ya ini A vinachukua kama dakika 16, kimelea cha tumbo kiitwacho Giardia kama dakika 45. Halafu kuna Kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha chenye ganda gumu. Huyo anakaa kwenye maji hayo hayo siku 10 na zaidi. Mtu akimeza funda moja la maji hayo anaweza kuondoka nacho.

Sasa muone gharama ya nepi mbaya ikihamia kwangu. Haja ngumu ikitokea majini, naondoa watu wote, naitoa, nahakikisha klorini imefika sehemu 2 kwa milioni, na bwawa linakaa tupu karibu nusu saa. Ikiwa ni ya kuharisha, mwongozo ni kupandisha mpaka sehemu 20 kwa milioni kwa saa 12 na dakika 45. Bwawa limefungwa, siku imekwisha, watoto wote wanalia getini.

Ndiyo maana naomba jambo moja kuliko yote: mtoto anayeharisha asiletwe, hata kama mmeshalipia. Hakuna nepi ya kutibu hilo. Na ikithibitishwa hospitali kuwa ni huyo Kriptosporidiamu, akae nje ya maji wiki 2 tangu kuharisha kukome, kwa sababu bado anaendelea kumtoa hata akiwa anaonekana mzima.

Mengine ni ya bure kabisa. Muosheni makalio kwa maji na sabuni kabla hajaingia. CDC wanakadiria kwamba mtu kwa kawaida ana gramu 0.14 za kinyesi mwilini. Mtoeni mara kwa mara mkague, kila saa moja kwa uchache, mimi nasema kila nusu saa kwa wa umri huu. Na kubadilisha nepi ni chumba cha kubadilishia, siyo ukingoni mwa bwawa. Kinachodondoka ukingoni kinaishia majini.

Kijukuu_cha_Bibi

Darasa zuri, ahsante mlinzi. Sasa mbona hakuna anayesema ukweli? Mimi zile za kutupa kama mtoto hajachafua nasuuza, naanika, wiki ijayo zinarudi kazini. Pakiti inakaa mara mbili. Nani mwingine anafanya hivyo ajitokeze tuwe wengi.

BabaPacha

Mko wengi, hamjisemi tu. Mtengenezaji ameandika ya kutumia mara moja, na nadhani safari hii hakuandika ili ununue nyingine. Ichukue iliyokauka uivute mapajani. Mpira umelegea, mishono ya ubavuni imeanza kuachia. Ile mishono imewekwa ichanike kirahisi, sasa unategemea iendelee kushika baada ya kulowa, kukamuliwa na kuanikwa? Halafu mkojo ulipita humo, hujaifua, umesuuza tu.

Kama unafika hatua ya kuanika za kutupa, wewe tayari ni mtu wa kufua. Nunua ya kufua, yaishe.

Kijukuu_cha_Bibi

Umenipata hapo kwa mishono. Ila ujue kuna siku bajeti haikuulizi maoni.

Fundi_Cherehani

Nijibu swali la nepi za mfuko, naona limerukwa.

Dada MamaTumaini, zinawezekana, na kwako huenda ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote maana tayari unazo. Toa kile kipande cha kunyonya, acha ganda peke yake. Kitambaa cha nje cha nepi hizo mara nyingi ni poliesta iliyobandikwa utando wa poliyurethani (wauzaji wanaandika PUL), na nepi nyingi za kuogelea za kufua zimeshonwa kwa kitambaa hicho hicho. Ukisahau kutoa kipande cha ndani umerudi kule kule kwenye zigo la BabaPacha.

Usiende nayo bwawani moja kwa moja. Mvalishe kwenye beseni au bafu nyumbani, achezee maji, kisha mnyanyue. Kuna maji yatakusanyika ndani kwa sababu ule utando hauyapitishi, yatamwagika kupitia mapajani, hilo ni kawaida. Unachoangalia ni kama nepi yenyewe inashuka kiunoni. Ikishuka, kaza vishikizo hatua moja, ujaribu tena. Ikiendelea kushuka, ganda hilo limechoka, libaki kuwa nepi ya usiku.

Na tumia yale maganda ya zamani uliyokuwa unataka kuyastaafisha, mradi mpira bado uko hai. Klorini inakula mpira na utando. Usipeleke mapya yakaharibike huko wakati mtoto anayahitaji kila siku.

Wanaotaka kushona wenyewe: si kazi kubwa. Nje weka kitambaa cha nguo za kuogelea au hiyo PUL, ndani weka wavu laini wa poliesta. Pamba usiweke popote, inashika maji na haikauki. Ugumu wote uko kwenye mpira wa mapajani. Ukivuta sana unamkata mtoto, ukivuta kidogo umeshona kaptula. Chukua nepi inayomkaa vizuri, ipime ikiwa imevutwa na ikiwa imelegea, ufuate vipimo hivyo. Ila kabla hujakata kitambaa, ulizia bwawani kama wanakubali ya kushonwa nyumbani. Wapo wanaotaka waone lebo.

Mdau_wa_Mbali

Huku Uingereza kuna mabwawa na madarasa mengi ya watoto yanadai nepi mbili kwa pamoja. Ndani ya kutupa au ya kufua, juu yake ya neoprini, kitambaa kile cha nguo za wapiga mbizi, yenye ukosi mpana kiunoni na mapajani. Inayojulikana zaidi ni Happy Nappy ya Splash About. Inabana kweli, siwezi kuisema vibaya, lakini ni gharama juu ya gharama. Bwawa lako lisipodai, usijitafutie.

Mimi niliipata ya mtumba. Neoprini ya mtumba ikaguliwe hivi: vuta ukosi wa paja kwa vidole viwili uachie. Ukirudi haraka, bado mzima. Ukirudi kwa uvivu, mwachie mwenye nayo. Za PUL zinyanyue kwenye mwanga, uangalie upande wa ndani. Ukiona utando umepasuka nyufa au unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, hiyo imefika mwisho.

MamaTumaini

Jamani, nimepata zaidi ya nilichokuja kuuliza. Nimeyajaribu maganda yangu ya zamani bafuni leo. Mawili yameshuka mara moja hata kabla sijamnyanyua vizuri, moja limeshika vizuri sana mapajani. Kwa hiyo nitakuwa na hilo moja, na nitanunua moja ya vishikizo iwe ya akiba. Za kutupa nitaweka mbili chini ya begi kwa siku za mikosi.

Maswali mawili ya mwisho. Nazifuaje zikae? Na bwawa letu wanasema ni la maji ya chumvi, si la klorini, kwa hiyo hiyo habari ya kuliwa mpira hainihusu?

mlinzi_wa_kina

Inakuhusu, dada. Kwenye bwawa la chumvi kuna mashine inayopitisha umeme kwenye maji yale na kuitengeneza klorini kutoka kwenye chumvi yenyewe. Tofauti ni kwamba hatumwagi kutoka kwenye ndoo. Klorini ni ile ile.

Na kwa kuwa tumeigusa: ile harufu kali inayowafanya watu waseme "leo wameweka klorini nyingi" mara nyingi ni kloramini, inayotokea klorini ikikutana na mkojo na jasho. Ndiyo inayowasha macho. Mkojo wa watoto unapita kwenye nepi, hilo tumekubali, lakini mkimpeleka chooni au mkimpa dakika chache za kukojoa kabla ya kumvalisha, mnatusaidia sana. Na wakubwa wanaokojoa humo makusudi nawaona, sura zao zinawasaliti.

Fundi_Cherehani

Kufua: isuuze kwa maji baridi hapo hapo bwawani kabla hujaifunga kwenye mfuko. Klorini iliyobaki kwenye kitambaa inaendelea na kazi wakati wewe uko njiani. Haja ikiwepo, idondoshe chooni kwanza, usiisuuzie kwenye bafu la watu. Nyumbani fua kwa sabuni ya kawaida. Kilainishi usitumie, na jiki pia achana nayo. Usikaushe kwa mashine ya joto, ule utando unabanduka. Anika kivulini penye upepo, kwa vitambaa hivi haichukui muda. Pasi usiguse.

Mfuko wa kubebea uwe usiopitisha maji, na ukifika toa siku hiyo hiyo. Ikilala humo hadi kesho utaijua harufu yake.

Kijukuu_cha_Bibi

Na mimi nina la kuuliza kabla uzi haujalala. Wangu mkubwa ameshaanza poti, mchana wote anajisema mwenyewe. Bwawani bado avae?

Shangazi_Mdogo

Avae. Nyumbani anajisema kwa sababu poti iko hatua tatu. Bwawani yuko katikati ya mchezo, maji yanamkumbatia, choo kiko mbali na sakafu inateleza. Anasahau, na akikumbuka muda umeshaisha. Mabwawa mengine yana umri waliouweka bila kujali maendeleo ya mtoto, kwa hiyo soma tangazo lao kwanza. Kama wanamruhusu bila nepi, mimi ningesubiri mpaka apitishe miezi kadhaa bila ajali hata akiwa kwenye michezo, halafu bado ningemtoa kila baada ya muda nimpeleke chooni bila kumuuliza. Ukimuuliza atakujibu hapana.

Kama anaona aibu kuvaa nepi sasa kwamba yeye ni mkubwa, zipo zenye umbo la kaptula ya kuogelea, nepi imeshonewa ndani. Angalia tu ile ya ndani iwe na mpira wake yenyewe mapajani. Nyingine ni wavu mtupu kama wa kaptula za wakubwa, haishiki chochote.

MamaTumaini

Shangazi, hiyo ya kaptula nilikuwa nimeiweka kwenye oda tangu asubuhi. Nimekwenda kuikuza picha: wavu mtupu. Nimeifuta.